Mkuki wa Bibi Nshoma

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kusema na sungura, zamani ya juzijuzi tu, na mimi mwenyewe nilikuwepo, palikuwa na mji uitwao Igombelo, katika nchi ya miyombo. Watu wake walikuwa na chama cha kuigiza mambo ya kale. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, waliigiza vita vya boma, siku mababu zao walipowazuia maadui langoni. Bunduki za mbao, mishale butu, vumbi, makelele. Raha tupu!

Mkuu wa chama alikuwa mzee Msabila, seremala. Ndiye aliyekianzisha, ndiye aliyechonga bunduki, ndiye aliyekaa na wakongwe, sasa wote marehemu, akajifunza mapigo ya ngoma zao. Miaka thelathini! Na miaka yote hiyo fundi baiskeli mmoja, Mihayo, mvivu wa kupindukia, aliomba kazi ileile: kufa. Mshale wa kwanza tu, huyoo, chini, tena kivulini, akalala mpaka vita viishe. Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja kwanza.

Basi watu wakachoka na vita. Mwaka huu wakaja ishirini, mwaka ule kumi, mwaka wa mwisho tisa, na wenye vitambi humo humo. Maadui hawakutokea kabisa. Msabila akalinda lango siku nzima, hakuna adui wa kuzuiwa. Nilimwonea huruma, jamani.

Ndipo mpwa wake Kalunde, mwalimu wa shule ya msingi, akasimama kikaoni.

"Mjomba, usinikasirikie. Vita vile vilipiganwa siku moja. Siku nyingine zote babu zetu walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo mpaka pwani na kurudi. Mbona hao hatuwaigizi?"

"Tuigize kubeba mizigo?" Msabila aling'aka. "Nani atakuja kutazama watu wakitokwa jasho?"

"Watazamaji wa nini, mjomba? Tunataka kujua ilikuwaje."

Wakajiandikisha watu sitini! Msabila akasusa, akaapa hatakanyaga. Kalunde akakataza kitenge, akakataza raba, akakataza chupa za plastiki. Mwaka mzima aligonga magome ya miti mpaka yakawa nguo, viganja vikamchubuka. Safari ingekuwa ya siku mbili kwa miguu, kwenda na kurudi mjini, kila mtu na kilo thelathini begani.

Sasa, pembeni mwa mji aliishi Bibi Nshoma, ajuza asiye na mtoto wala mjukuu. Babu yake alikuwa mpagazi, na mkuki wa babu, uliokwenda pwani ukarudi, alikuwa nao yeye. Vita vya boma hakuwahi kuja kuvitazama hata mara moja. Aliposikia habari za wapagazi, alituma neno: "Mrithi sina, na siku zangu zimebaki chache. Atakayenirudishia babu yangu mbele ya macho haya, mkuki ni wake. Asipopatikana, nizikwe nao."

Mji mzima ulitetemeka. Kitu pekee kilichobaki cha wale watu, kiingie ardhini?

Safari ikaanza. Siku ya pili Mihayo akakanyaga kisiki, unyayo ukapasuka. Kalunde akaita bodaboda.

"Panda, kaka Mihayo. Hakuna atakayekucheka."

"Mwalimu," alisema Mihayo, "mimi nimekufa miaka thelathini. Leo niache nifike."

Akafunga jeraha kwa gome, akakata fimbo, akainua mzigo wake. Mvivu yule!

Saa tisa alasiri wakatokea kilimani, wamechoka, vichwa chini, hatua zimevurugika. Mara ngoma ikalia kando ya njia. Msabila! Moyo ulikuwa umemshinda. Alipiga mapigo ya msafara unaorudi nyumbani, ambayo hakuna mwingine aliye hai aliyeyajua. Vichwa vikainuka, na watu sitini wakakanyaga kwa hatua moja.

Jamani, nywele zilinisimama. Mwenye bodaboda alizima pikipiki akavua kofia, sijui kwa nini, hata yeye hakujua. Hatukuwa tunatazama mchezo tena. Walikuwa wao wenyewe, wale wa kale, wanarudi kwao, na sisi ndio watoto waliowangoja. Nililia, siwafichi.

Bibi Nshoma, aliyeketishwa kando ya njia, asiyesimama bila kushikwa, alisimama peke yake. Akatazama mstari mzima mpaka wa mwisho, yule anayechechemea.

"Babu!" akaita. "Babu, mguu wako haujapona tu?"

Kumbe babu yake alirudi kutoka safari ya mwisho akichechemea, akachechemea mpaka kaburini. Hakuna aliyelijua hilo ila yeye.

Basi ugomvi ukaanza.

Msabila: "Nisingekilinda chama hiki miaka thelathini, mngetembea na nani? Na Bibi alisimama kwa ngoma yangu, kabla hajamwona mtu."

Kalunde: "Ngoma hiyo umeipiga miaka yote, mjomba, Bibi hakutoka hata mlangoni. Mimi ndiye niliyewakumbuka wapagazi. Nani mwingine alikuwa na habari nao?"

Mihayo: "Bibi hakuita ngoma, hakuita gome. Aliniita mimi."

"Kwa sababu ya kisiki!" Kalunde akamkatiza.

"Kisiki kilinikata tu. Kutembea nilitembea mwenyewe."

Wakaenda kwa Bibi. Akawatazama mmoja mmoja. "Nilimwona babu yangu," alisema. "Aliyemleta sikumwona. Amueni nyinyi, lakini fanyeni upesi."

Wamekaa vikao vitatu, hawakuelewana. Bibi sasa anakunywa uji tu, vijiko viwili, vitatu, na mkuki uko kitandani ubavuni pake. Asubuhi hii wamenitumia mtu kuniuliza mimi, na mimi, Mungu ananiona, nimeshindwa. Haya, semeni nyinyi mlioshiba hadithi, kabla kaburi halijachimbwa: aliyewalinda wazee wasisahauliwe, aliyewakumbuka walivyoishi, au aliyekataa kupakiwa akafika kwa mguu wake? Je, nani anastahili mkuki?