Ng'ombe Aliyepelekwa na Wimbo Wake

Akina mama, sogeeni huku mbele, sauti yangu haina nguvu ya kuwafuata hadi mlangoni. Mnajua mimi umbea siupendi. Haya, chekeni mmalize.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti mmoja na ng'ombe mmoja, mweupe, anaitwa Kashata. Binti alikuwa na akili sana, ila Mungu alimuumba kwa namna yake. Kelele ya ghafla ikitokea, anaingia chini ya meza. Ukimwita kwa sauti haitiki; ukigonga meza mara mbili, taratibu, anaitika. Mwalimu wake wa shule ya msingi aliyajua yote hayo. Alimkalisha dirishani, akawa anamgongea. Binti akafaulu, akachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni.

Shule ikataka godoro, sanduku, ndoo, jembe na ufagio. Mama akamuuza Kashata kwa jirani, bibi mmoja mbea hivi, wa humu humu, tusimtaje.

Siku ya kukabidhi kamba, mama akasema, "Bibi, usimjie kwa nyuma. Mguse shingo kwanza, ajue unakuja. Ndoo ya bati hapana, ikilia tu anabana maziwa. Na umwimbie."

"Nimwimbie, mwanangu? Na sauti hii iliyokauka?"

"Wimbo wowote wa polepole, bibi. Zile za kwaya ya vijana hapana, atakupiga teke."

Akamfundisha wimbo wenyewe. Hakuishia hapo: siku tatu nzima alikwenda wakakamua pamoja, mpaka Kashata akatulia.

Wiki iliyofuata akampeleka binti shuleni. Mwalimu wa zamu akakagua kimoja kimoja: godoro lipo, ndoo ipo, ufagio upo. Akauliza, "Kuna lolote la kutuambia kuhusu mtoto, mama?"

Mama akamtazama binti yake, ameziba masikio kwa mikono miwili, na wazazi wengine wanaangalia. Akaona aibu. "Hamna, mwalimu. Mtoto mzuri tu." Akageuka, akarudi nyumbani.

Wiki ya tatu simu ikalia. "Mama, njoo umchukue binti yako. Majina yakiitwa haitiki. King'ora kikilia anajificha chini ya dawati. Tumemwadhibu kwa kiburi, sasa hata chakula hali."

Mama akakimbilia kwa jirani huku analia. Akamkuta bibi ameinama kwa Kashata, anakamua, anaimba.

"Bibi, wanamfukuza mwanangu! Wanasema ana kiburi!"

Bibi akaacha kukamua. "Ulimwambia yule mwalimu agonge meza?"

"Hapana."

"Na habari ya kelele?"

"Niliogopa watamcheka, bibi."

"Mwanangu, kwa ng'ombe ulinipa mpaka wimbo. Kwa huyu uliyemzaa, mwalimu umempa ufagio?"

Kesho yake mama alimchukua yule mwalimu wa shule ya msingi, wakaenda wote wawili, wakaeleza kila kitu. Yule mwalimu wa zamu alisikiliza, akaingia darasani, akainama kwenye dawati la binti, akaligonga mara mbili. Taratibu.

Kisauti kikatoka chini ya dawati: "Nipo, mwalimu."

Kumbe alikuwepo siku zote!

Sasa msitoke hapa mkasema bibi kamfananisha mtoto na ng'ombe. Sijamfananisha yeye, nimetusema sisi. Midomo tunayo. Binti wa mwenzetu akikonda, mpaka kisimani wanajua. Lakini lile moja la mtoto wetu, ambalo mwalimu akilijua litamsaidia, tunalifunika kama chungu chenye mboga iliyoungua. Tunamwonea aibu nani? Huyo aliyemuumba hivyo?

Na ninyi walimu upande ule, msijifanye mnatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Mkiletewa mtoto, ulizeni mara ya pili, huyo mama asikie kwamba mnauliza kwa upendo. Na mkimwona haitiki, kabla ya fimbo, jaribuni kugonga.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Nimepita majumbani mwenu wiki hii, msiniulize nilifuata nini. Magodoro nimeyaona, ndoo mpya nimeziona, na masanduku yamepakwa rangi.

Wimbo wa mtoto, nani kamwandalia mwalimu?