Korongo wa Pete Tano

"Mvishe pete tano, korongo ni mmoja." Mmenisikia nikiyasema maneno haya pale kisimani, mkatazamana kana kwamba bibi yenu ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nimeona vibao vya miradi mitatu vimesimikwa kando ya kisima kimoja, kila kibao kinadai maji ni yake, ndipo maneno yakanitoka. Sasa mnataka kujua yalikotoka. Haya, kaeni, na anayetaka kuchezea simu aende nje. Yalianza hivi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, karani wa kituo kidogo cha kuchunguza ndege wa porini hapa hapa bonde la Mwandihi. Msinitazame hivyo, nami nilikuwa binti. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, korongo weupe walikuja kutoka Ulaya. Hukuwaona wakikaribia. Ulikuwa ukiinama kupalilia, ukiinua kichwa anga limejaa mabawa yanayozunguka polepole, juu sana, bila sauti yoyote. Kisha walishuka mmoja mmoja kama watu wanaoingia usingizini, wakaanza kutembea mashambani kwa miguu yao myekundu, wakila viwavijeshi.

Kwetu ilikuwa desturi kwamba mkulima haui viwavi kwa mkono. Tulifundishwa tangu utoto kuwa kiwavi ni riziki ya korongo, na anayemnyang'anya mgeni chakula chake amemfukuza. Kwa hiyo jambo moja lilisumbua kila nyumba kabla ya kupanda: je, mwaka huu watakuja wangapi? Wakija wengi, unapanda shamba zima. Wakiwa wachache, unapanda kidogo, tena mapema, mimea iwe imekomaa kabla viwavi hawajaanza.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Ulaya kulikuwa na nchi tano ambamo korongo hao hujenga viota juu ya mapaa ya nyumba, na kila nchi ilikuwa na wataalamu wake waliowavisha pete miguuni na kuwahesabu. Kila mwezi wa kumi zilinifikia barua tano zenye stempu tano nzuri. Nchi ya kwanza iliandika, korongo wetu ni mia nne. Ya pili, wetu ni mia mbili na hamsini. Hivyo hivyo hadi ya tano. Nilijumlisha. Mwaka huo nilipata elfu moja na mia tano, nikatoka ofisini mbio kama niliyepata barua ya uchumba, nikawaambia watu kwamba wapande bila hofu.

Mama yangu, Holo binti Kwangu, alipanda shamba zima la mtama, na la marehemu baba akaliongeza. Aliniambia, "Nimepanda kwa neno lako, Milembe."

Viwavijeshi walikuja. Korongo walikuja pia, lakini walikuwa wachache tu, wametawanyika bondeni kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Kwa siku tisa mama alisimama ukingoni mwa shamba akitazama juu. Siku ya kumi hapakuwa na jani. Ukisimama kimya ulisikia viwavi wakitafuna, sauti kama mvua ndogo, na mpaka leo nikisikia manyunyu juu ya bati moyo wangu unashtuka.

Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliacha tu kuniuliza habari za korongo. Tulikula ulezi wa kuomba kwa mjomba mwaka mzima, na watu wakinipita njiani walinisalimia vizuri, kisha wakanyamaza. Mnajua unyamavu wa namna hiyo.

Mwishoni mwa msimu korongo mmoja alianguka karibu na nyumba yetu, akafa. Nilipomwinua niliona miguu yake imevimba. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete tatu na wa kulia mbili. Nikasoma maandishi. Kila pete ilikuwa ya nchi yake. Nikakaa chini palepale, maana nilielewa. Ndege huyu mmoja nilikuwa nimemhesabu mara tano.

Mama alikuja, akazigusa pete zile kwa kidole. "Hii ni nini?"

"Ni alama, mama. Kila nchi imeandika kwamba huyu ni wake."

Akamtazama ndege. "Mvishe pete tano," akasema, "korongo ni mmoja." Akarudi jikoni. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na aliyeyasema hakujua kwamba ametunga methali. Alikuwa na njaa.

Nikaandika barua tano. Nne hazikujibiwa. Ya tano ilijibiwa na mtaalamu kijana aitwaye Marta, aliyeandika kwa mkono: "Njoo nazo pete. Nikiwaambia wakubwa wetu mimi, hawatanisikiliza. Wamekwisha kunizoea." Alikuwa amewabana wakubwa wa nchi zote tano wachangie nauli yangu, nao wakakubali, lakini sikilizeni kituko hiki. Kituo changu kilinilipia mpaka Ulaya, na huko kila nchi iliruhusiwa kulipia reli iliyo ndani ya ardhi yake tu. Pesa yake haikuruhusiwa kuvuka mpaka. Kwa hiyo nilisafiri na tiketi tano kwa safari moja.

Safari ile naiona bado kama ndoto ya homa. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji haijaisha. Nililala nchi moja, nikaamka nyingine, na kila nilipoamka kulikuwa na askari mwenye kofia tofauti anayeuliza swali lile lile. Misitu ilipita dirishani, nyeupe, haina mwisho. Juu ya mapaa niliona viota vitupu vya korongo, vikubwa kama ungo wa kupepetea, vikiwasubiri. Nikawaza, kumbe wanapoondoka kwetu huja huku, na hapa pia kuna mtu anayeinua kichwa kuwatazamia. Nililia kidogo, sijui kwa nini. Mpaka wa nne tiketi ya nchi inayofuata ilikuwa haijafika, nikakaa stesheni siku mbili ndani ya ukungu, nikinywa chai isiyo na maziwa na kuuona upande wa pili kwa macho, mita mia tu. Sikuweza kwenda.

Mkutano ambao Marta aliuitisha ulikuwa kwenye jumba refu lenye dirisha moja kubwa. Wataalamu walikaa kila nchi na bendera yake ndogo mezani. Aliyeongoza alikuwa Profesa Teodor, mzee mwenye ndevu safi na mikono ya mkulima, ambaye alikuwa amewavisha korongo pete kwa miaka thelathini. Nikafungua leso nikazipanga pete zile tano mbele yao.

Profesa akavaa miwani, uso ukamng'aa. "Hii ni yetu. Nilimvisha mimi mwenyewe, nakumbuka, juu ya paa la shule."

"Na hii ni yetu," akasema mwingine kwa furaha.

"Na hii hapa."

Kila mmoja alichukua yake, akaishika kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Mimi nikawa nawatazama tu. Kisha nikauliza, "Shikamooni wazee wangu. Mlipomkamata huyu ndege, hamkuona pete ya mwenzenu mguuni?"

Wakaziweka pete mezani. Profesa Teodor ndiye aliyejibu, na namheshimu kwa hilo. "Tuliiona, binti yangu."

"Kwa nini basi mliongeza?"

"Kituo changu kinalipwa na nchi yangu. Mwisho wa mwaka wanauliza swali moja: korongo wetu ni wangapi? Nikisema huyu ni wa jirani, watasema, basi jirani amlipie. Wanafunga kituo, na vijana wangu wanne wanakwenda nyumbani."

"Mimi nilizijumlisha barua zenu," nikasema. "Niliwaambia watu wetu kwamba wanakuja elfu moja na mia tano. Mama yangu alipanda kwa neno langu. Hatukuvuna hata punje. Alipoziona pete hizi alisema, mvishe pete tano, korongo ni mmoja. Nimekuja kuwauliza: ni wangapi kweli?"

Hakuna aliyejua. Hebu fikirini. Watu wenye darubini na vitabu na miaka thelathini ya kazi, hakuna aliyejua.

Marta akasimama. "Na kuna jambo lingine. Mimi huwafuata wanapoondoka, hadi kwenye kizuizi cha barabara, kabla ya mpaka. Hapo pesa yangu inakwisha kazi, nageuza gari. Upande wa pili nani huwapokea?"

Mtu wa nchi jirani akainua mkono. "Sisi huwasubiri ziwani kwetu. Ni kilometa arobaini kutoka kizuizi."

"Na hizo arobaini?" nikauliza.

Wakafunua ramani. Zile kilometa arobaini zilikuwa kinamasi kinachokatwa na mpaka katikati, na kila upande uliamini kwamba kinaangaliwa na mwenzake. Nje ya dirisha theluji ilianguka taratibu, nami nikawaona korongo wangu kichwani, wakiingia kwenye kile kipande cha dunia kisicho na mwenyewe.

Walikaa siku sita. Siwezi kuwasimulia maneno yote, mengine yalikuwa ya sheria na mengine ya wivu mtupu. Lakini mwishowe walikubaliana hivi. Kila nchi itatia fungu lake katika chungu kimoja, na likishaingia humo si lake tena. Anayetaka kufanya utafiti ataomba kwenye chungu, na maombi yake yatasomwa na watu wa nchi nyingine, wasiomjua shangazi yake. Akipewa, pesa hiyo itamfuata ndege popote, kuwe na kizuizi au kusiwe. Na pete itakuwa moja, yenye namba tu, bila jina la nchi.

Profesa Teodor alikuwa wa mwisho kutia sahihi. Alikaa na kalamu mkononi mpaka nikamwonea huruma. "Nina korongo mia nne," akaniambia polepole. "Nikitia sahihi hapa, sina hata mmoja."

"Mimi sikuwa na hata mmoja siku zote, baba," nikamjibu. "Lakini nawasubiri kila mwaka."

Akatia sahihi, akafuta macho bila kujificha.

Majira ya joto waliwahesabu upya, wote pamoja, kwa daftari moja. Marta alipewa pesa ya kwanza kutoka kwenye chungu. Alivuka kizuizi akaingia kinamasini, na huko akakuta nyaya za umeme zimepita chini chini juu ya maji, na chini ya nyaya, mifupa meupe ya korongo, ya miaka na miaka. Kuzihamisha nyaya zile kulichukua muda mrefu, maana nguzo nusu zilikuwa za nchi moja na nusu za nyingine. Lakini sasa walijua.

Mwezi wa kumi ilinifikia barua moja. Iliandikwa hivi: "Wote kwa jumla ni mia nne na kumi na wawili. Wengi bado watafia njiani. Kwenu huenda wasifike mia. Tafadhali msiwategemee."

Wanangu, kuisoma barua ile mbele ya kijiji kulinitoa jasho. Nilijua watasema, jana ulituletea elfu moja na mia tano, leo unatuletea mia, kesho utatuletea sifuri. Nilisoma, nikakunja karatasi, nikasubiri wanizomee. Kisha mama akainuka kutoka nyuma, mama ambaye hakuwa ameniuliza neno juu ya korongo tangu mtama ulipoliwa.

"Mtu anayekuletea habari mbaya kutoka mbali hivyo hana sababu ya kukudanganya," akasema. "Mgeni mmoja hamalizi vyungu kumi. Tumwachie chake, viwavi wengine tuwatoe wenyewe. Hiyo si kumfukuza."

Basi tukapanda mapema. Tukachimba mifereji kuzunguka mashamba, na kila asubuhi tulipita mstari kwa mstari tukigeuza majani na kutia majivu kwenye mioyo ya mimea, wake kwa waume, tukiimba ili tusisinzie. Viwavi walikuja. Wengi walianguka mferejini.

Korongo nao wakaja, adhuhuri moja isiyo na upepo. Nilikuwa nimeinama, nikaona vivuli vinazunguka juu ya udongo, vichache, polepole. Niliwahesabu mara mbili, na mama akahesabu pamoja nami kwa sauti. Walikuwa sabini na wanane, tena sabini na wanane kweli. Walitua mferejini wakala wakashiba, na sisi mwaka huo tulivuna magunia kumi na mawili.

Siku ya kuanika mtama mama alinikalisha karibu yake. "Milembe," akasema, "barua ya mwakani ikifika, uje uisome kwangu kwanza."

Niliendelea tu kutandaza mtama kwa mikono miwili. Mvishe pete tano, korongo ni mmoja.