Mazoezi ya Uzinduzi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na hospitali, na ndani yake mashine, na juu ya mashine utepe mwekundu. Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Kiboko. Tumbo kubwa, na sifa akizipenda kuliko majani. Wafadhili walileta mashine ya oksijeni, naye akaifunga utepe, akaifungia stoo. Isiguswe, akasema, mpaka mgeni rasmi, Mheshimiwa Simba, aje kuizindua. Wiki ikapita, Simba haji. Mwezi ukapita, Simba haji.

Asubuhi moja akaja Nguchiro, kambeba mwanawe Mwanne. Kifua cha mtoto kinalia: khrr, khrr, khrr. Midomo inageuka rangi. Nguchiro akaomba mashine, Kiboko akakataa. Akapiga magoti, Kiboko akakataa. Mimi hapo hasira zinanipanda kila nikisimulia.

Nguchiro akafuta machozi, akawaza haraka.

"Mheshimiwa, mashine ikikataa kuwaka mbele ya Simba, uso wako utauweka wapi? Tufanye mazoezi ya uzinduzi. Utepe tuusogeze tu. Mgonjwa wa mazoezi ninaye."

Kiboko akaogopa aibu, akakubali. Wakaichomeka kwenye umeme. Kimya. Halafu: vuuu-tss, vuuu-tss. Mrija ukaingia puani kwa Mwanne. Khrr, khrr, bado.

"Inawaka," akasema Kiboko. "Zima, turudishe."

"Na hotuba, Mheshimiwa?"

Kiboko akahutubu mpaka jasho likamtoka. Vuuu-tss. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Hujawashukuru wafadhili," akasema Nguchiro.

Akawashukuru. Vuuu-tss. Mkono kwenye swichi.

"Hujamshukuru mke wa Simba."

Akamshukuru. Vuuu-tss. Kidole kikagusa swichi.

"Hujajishukuru mwenyewe, Mheshimiwa."

Lo, hapo ndipo hotuba ilipoanza. Jua likapanda, Kiboko anajishukuru. Jua likashuka, Kiboko anajishukuru. Khrr ikapungua, ikapungua, ikakoma. Alipofika kwenye "kwa hayo machache", Mwanne alikuwa amekaa kitako, anadai uji.

Nguchiro akapiga makofi, tena ya dhati, akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda zake. Mashine ikarudi stoo, utepe juu.

Kulipokucha, Kiboko alikuta mlangoni foleni ya akina mama, watoto vifuani. Wa mbele akamwamkia kwa adabu, akauliza hotuba inaanza saa ngapi.

Ngano yangu imechoka, nailaza hapa. Mwenye nguvu aiamshe.

Funzo? Msiguse mashine za watu. Na mwanao akiugua, mtafute kiongozi asiyejua kunyamaza.