Nguzo Mbili za Mama Tunu

Hapo zamani za kale, watoto, Chui na Fisi walipokuwa bado wanapikia jiko moja, palikuwa na Pimbi mmoja mdogo, mama wa mtoto mmoja, Tunu. Nyumba yao ilikuwa pango jembamba mlimani. Mlangoni Mama Tunu alipanga mawe bapa, moja juu ya jingine, mpaka yakagusa dari.

Asubuhi moja akasikia kwacha! kwacha! Mawe ya juu yanabomolewa!

"Hodi, Mama Tunu!" Fisi akacheka. "Tumekuja kumwona mtoto."

"Mtoto amelala, ana homa, tena mwembamba, hana hata nyama, rudini kesho, keshokutwa!" Maneno yalimtoka kwa mkupuo. Akamkumbatia Tunu, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mwamba. Hapakuwa na pa kutokea.

Chui akachungulia. Tundu lilitosha mkono, kichwa bado. "Ongeza bidii, Fisi."

"Bidii gani tena? Mawe mengi nimetoa mimi! Mtoto ni wangu."

"Wako? Kwa mawe yapi, we mlafi?"

"Si haya! Hesabu."

"Hesabu wewe!"

Hakuna aliyejua hesabu inayopita makucha yake.

"Nipeni mimi!" Mama Tunu akajikuta anasema, hata hajui kwa nini. "Mimi nimesoma, nipitishieni ndani, nitawahesabia, kila mtu fungu lake!"

Wakapitisha. "Langu hilo!" Kwa! "Na hili langu!" Kwa! Yeye akapokea moja moja, mpaka nje hapakubaki hata moja.

"Yote ni ishirini na manne," akasema. "Nyinyi ni wawili, kwa hiyo wastani ni kumi na mawili."

"Mimi nina kumi na mawili?" Fisi akauliza.

"Hapana. Wewe kumi na matatu, Bwana Chui kumi na moja. Kumi na mawili ni ya wastani."

"Wastani ndiye nani? Alibeba lini?"

"Na kwa nini achukue jiwe la Fisi anipe mimi?" Chui akadakia. "Nimemwomba?"

"Wastani si mtu, ni kama... ukiyachanganya yote, ukayasawazisha, halafu..." Kichwa cha Mama Tunu nacho kikaanza kuzunguka.

"Acha maneno!" Chui akanguruma. "Tuonyeshe kwa macho!"

Basi Mama Tunu akasimamisha nguzo mbili mle ndani, nyuma ya ukuta, ya Chui kushoto, ya Fisi kulia, jiwe juu ya jiwe, yote unene mmoja. "Haya, tazameni."

Wakabananisha nyuso tunduni.

"Lo! Chui, una jiwe moja! Mimi matatu! Nimekushinda mara tatu!"

Mama Tunu akaduwaa. Moja? Matatu? Amekosea kuhesabu? Akahesabu tena kuanzia chini. Kumi na moja. Kumi na matatu. Sasa hawa wanaona nini? Akautazama ukuta.

Ahaa! Ukuta uliobaki ulificha mawe kumi ya kila nguzo. Kule nje wanaona vichwa tu!

Akafungua kinywa kuwasahihisha, kisha akakifunga haraka. "Mimi mdogo wenu niseme nini, mabwana?" akanong'ona. "Macho ni yenu."

"Nimebomoa tangu alfajiri niambulie jiwe moja?" Chui akafoka. "Umeniibia!"

"Mvivu haibiwi!"

"Mimi mvivu?"

Chwaa! Kofi la kwanza. Papatu papatu! Wakakamatana, wakabiringika mteremkoni, gubu gubu gubu, vumbi tupu.

"Mwizi!"

"Mvivu!"

"Muulize huyo Wastani wako!"

Mama Tunu hakungoja kuona nani yuko juu. Akabomoa nguzo zake, akapachika mawe tunduni, moja, jingine, jingine, mpaka likaziba kabisa. Hakupungukiwa hata moja. Walimkabidhi yote kwa mikono yao wenyewe.

"Mama," Tunu akauliza gizani, "kwani nani amemshinda mwenzake?"

"Hata sijui, mwanangu. Lala."

Nimefika mwisho, watoto, nanyi bebeni hili: ukionyeshwa nguzo za hesabu, zitazame miguu kabla hujashangaa vichwa.