Bango la Mama Mkwe

Wapendwa, kuna mama mmoja alitaka bango la kutundika getini.

Mama mkwe wake alikuwa ametimiza miaka themanini, na kesho yake ilikuwa ibada ya shukrani. Picha alikuwa nayo, tena tamu: bibi anacheka mpaka fizi zinaonekana. Ila alishaikata. Pembeni ya bibi alisimama wifi wa mama huyu, na wifi huyo alikuwa ameazima kwake sufuria la pilau, akalirudisha limetoboka, hata pole hakusema. Basi alimkata, akabakiza kipande kidogo chenye uso wa bibi tu, cha kuweka kwenye profaili ya simu yake, na ile nzima akaifuta.

Dada wa duka la mabango akaivuta kwenye kompyuta iwe kubwa. Uso wa bibi ukawa vigae vitupu.

"Yesu wangu! Mama mkwe amekuwa sakafu!"

"Mama, picha ni vidoti vidogo vidogo vimepangwa. Hapa vimebaki vichache. Nikiivuta, vinanenepa tu, haviongezeki."

"Si uweke vingine?"

"Nivitoe wapi? Ulivitupa ulipokata. Nani anayo nzima?"

Mama alimjua aliye nayo. Ingekuwa wewe, ungefanyaje? Umtundike bibi getini bila uso?

Akampigia wifi yake simu.

"Wifi... ile picha ya mama, bado unayo?"

"Ya sisi watatu? Ninayo."

"Nitumie kama ilivyo. Usiipunguze."

"Nipunguze mimi? Mwenye mkasi si wewe? Profaili yako nimeiona." Wifi akacheka. "Haya, natuma. Na lile sufuria, wifi yangu, niliona aibu. Nisamehe."

Picha ikaja. Dada akaivuta, ikavutika, kila mkunjo wa bibi ukaonekana. Ndipo mama yule akagundua kitu: bibi hakuwa akiichekea kamera. Wifi alikuwa amemwinamia sikioni, anamchekesha. Na upande wa pili alisimama yeye mwenyewe, mzima, hajakatwa hata kidole.

"Hawa wa pembeni niwaondoe?" dada akauliza.

"Thubutu!"

Ndugu zangu, na sisi si tuna mikasi? Tukikosana, tunakata. Tunadhani tumempunguza mwenzetu, kumbe tumejipunguza sisi. Siku ya furaha tunataka mioyo itanuke, nayo, kama kile kipande cha picha, inakosa cha kuitanua. Umemkata nani wewe? Sufuria likitoboka, mafundi wapo. Mpigie leo. Huenda yeye bado anakutunza mzima.