Mtamba wa Picha ya Sita

Hapo zamani, tena msidhani zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi tu ambapo watu wote pichani walikuwa weusi na weupe, palikuwa na mpiga picha pale Sikonge aliyeitwa Feruzi. Kisomo chake kilikuwa cha darasa la nne, lakini msikitini hakukosa safu ya mbele, na jambo hilo alilijua vizuri kuliko inavyofaa mtu kulijua.

Filamu moja ya nyeusi na nyeupe ilikuwa bei ya kuku. Feruzi akapiga picha, watu wakacheka, naye akacheka. Mwaka ukapita, filamu ikawa bei ya kuku wawili. Feruzi akapiga picha, watu wakacheka, yeye akaacha kucheka. Mwaka ukapita tena, filamu ikawa bei ya mbuzi, tena mbuzi mwenye mimba. Hapo Feruzi akapata akili, na akili ile haikutoka kwa Mungu.

Alikuwa na kamera mbili. Moja akaitia filamu, hiyo ya wenye pesa. Ya pili akaiacha tupu, hiyo ya majirani na watu wa kuomba bure. Jirani akija, Feruzi atamkalisha, atamnyoosha kola, atasema "Bismillahi," na flashi itawaka pwaa. Picha ikiulizwa, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Imeungua, ndugu yangu. Dawa za siku hizi." Alijiambia kwamba uongo huo ni mdogo. Kuhusu ile bismillahi, aliona afadhali asiifikirie.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Nassibu. Yeye alipoona bei inapanda, aliziingiza filamu zake chini ya kaunta akasema zimekwisha. Akangoja zipande. Zikapanda. Akangoja zipande tena. Zikapanda. Alipokuwa anangoja zifike bei ya ng'ombe, zikaingia filamu za rangi, na zile za nyeusi na nyeupe zikaporomoka hadi bei ya sahani ya maharage, tena tarehe zake zimeshapita.

Bei ikashuka, ubahili wa Feruzi haukushuka nayo. Kamera tupu ilibaki tupu. Alishazoea.

Aliyeona aibu ni mkewe, Tausi, kwa kuwa ndiye aliyesafisha filamu katika chumba cha giza, na alijua vizuri kwamba picha ambayo haikupigwa haiwezi kuungua. Kisimani wanawake walimwambia, "Mama Zuhura, mumeo ni radi bila mvua." Siku moja akachukua pesa ya nyama, akanunua kwa Nassibu filamu moja iliyopitwa na tarehe, na Feruzi alipojilaza mchana, akaitia katika ile kamera tupu. Alikusudia aisafishe kwa siri, majirani wapate picha zao. Jioni akamwambia mumewe mchinjaji amesafiri. Feruzi akala mlenda wiki nzima, akawahubiria wenzake msikitini faida za subira.

Siku ya tatu ya mlenda akaja Bibi Nyamizi na bakuli la karanga.

"Mwanangu Feruzi, pesa sina. Nipige moja nimpelekee Mrisho wangu huko kwenye machimbo ya dhahabu. Miaka kumi na miwili hajaniona. Asije akanisahau uso."

Feruzi akatafuna karanga, akashika kamera ya pili. Bismillahi, pwaa. Bibi akafumba macho. "Tena, bibi." Pwaa. Bibi akapiga chafya. "Tena." Ukarimu wa namna hiyo hakuwahi kumfanyia hata bwana harusi aliyelipa. Mara ya sita akamtania, "Bibi, mbona umenuna? Ungekuwa na meno ningekuposa." Bibi akacheka, mapengo yote nje. Pwaa.

"Njoo Ijumaa," akasema Feruzi. "Ila za siku hizi zinaungua."

Jumatano bibi akafariki.

Mrisho alifika matanga hayajavunjwa, anamkokota mtamba wa ng'ombe aliyemnunulia mama yake apate maziwa ya uzeeni. Kaburi alionyeshwa. Akaenda kwa mpiga picha.

"Shikamoo, Mzee Feruzi. Nasikia mama alikuja kwako. Nipe hata hiyo iliyoungua. Njia nzima nimejaribu kuukumbuka uso wake, napata kanga tu."

Feruzi akamwambia angoje kidogo. Akaingia uani, akakaa juu ya ndoo.

"Mama Zuhura, nimekwisha. Nimekula karanga za marehemu kwa kamera tupu."

Tausi akamtazama sana. "Haikuwa tupu. Ule mlenda uliokuwa unakula ndiyo filamu yenyewe."

Akaingia chumba cha giza. Picha ya kwanza, macho yamefumba. Ya pili, chafya. Ya tatu, ya nne, ya tano, ukungu mtupu. Ya sita ikatoka kijivu pembeni, na katikati Bibi Nyamizi anacheka.

Wakampelekea Mrisho matangani, akaishika kwa mikono miwili, akakaa chini palepale. Alipoinuka akasema, "Mama hatamkama huyu mtamba. Basi ni wa aliyenipa uso wake. Ni nani?"

Feruzi angeweza kunyamaza na kupokea kamba. Lakini Tausi alikuwa anamwangalia, na Feruzi alimwogopa Mungu na mkewe, siku ile hakujua nani zaidi. Akakiri yote: kamera tupu, karanga, hata bismillahi. Watu wakaguna.

"Ila nisikilizeni," akasema. "Ningejua ndani mna filamu, ningempiga moja tu, ile ya macho kufumba. Nilifika ya sita kwa kuwa nilidhani sitoi kitu. Wizi wangu ndio uliomchekesha bibi. Mtamba ni wangu, naona haya kusema, lakini ni wangu."

"Kicheko hicho kingepotelea hewani," akasema Tausi. "Mimi nilitia filamu, mimi nikaisafisha. Nilidanganya habari ya mchinjaji, Mungu anisamehe, na Baba Zuhura anisamehe mlenda. Mtamba ni wangu."

Nassibu, aliyekuja kuhani msiba, akakohoa. "Filamu zote za mji huu ziliishia kwenye maharusi. Hii ilibaki kwa sababu niliificha. Ningekuwa mtu mwema ningeiuza zamani, na Tausi angetia nini mle, pesa ya nyama? Choyo changu ni aibu, ila ndicho kilichoitunza. Mtamba ni wangu."

Shehe alipoulizwa akasema ngoja kwanza atie udhu, na hadi leo anautia.

Mrisho akabaki amesimama na kamba mkononi. Aliyempiga bibi picha alikusudia kumwibia. Aliyetia filamu alidanganya. Aliyeitunza aliwanyima wenzake. Na bibi pichani anacheka. Haya, nyinyi mnaoguna hapo, semeni sasa: kamba ile akabidhiwe nani?