Ilimba ya Mzee Chilewa na Spika za Tela

Sogeeni karibu, maana leo nimekuja na kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Mama Ndahani wa Bahi alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Ndahani, wa kwanza, alijaliwa mikono: ubao uliopinda ukipita kwake hutoka umenyooka. Semeni, wa kati, alijaliwa kichwa cha umeme. Alifunga sola kwenye nyumba ambazo mafundi wengine walizikimbia. Mwaja, kitinda mimba, alijaliwa masikio: kwaya nzima ikiimba, angekuambia ni nani kwenye mstari wa nyuma aliyekosea sauti.

Mama mwenyewe alikuwa muuza mablanketi minadani. Yeye na mumewe, mzee Chilewa, walizunguka na tela la kulala, yaani nyumba ndogo ya bati yenye kitanda, jiko na dirisha la pazia, iliyokokotwa na pikapu. Leo mnada wa Kibaigwa, keshokutwa mwingine. Jioni biashara ikifungwa, mzee alikaa humo akapiga ilimba, ile marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Alipofariki, alimwachia mkewe ilimba hiyo na kaseti moja aliyoirekodi humo humo ndani ya tela.

Kaseti hiyo ndiyo iliyomweka mama barabarani miaka minne. Kisha redio ya tela ikachoka. Spika zake mbili zikawa zinakoroma tu, na ilimba ikasikika kama mtu anayekwangua sufuria. Siku moja mama aliegesha tela nyuma ya nyumba, akaanua mapazia.

"Basi," aliwaambia wanawe. "Nilikuwa nasafiri na baba yenu. Sasa hayumo. Nisafiri na nani?"

Watoto wakatazamana. Mama asiyekwenda mnadani hawakumjua, na huyu aliyekaa mbele yao alionekana kazeeka tangu asubuhi. Ndipo mama akaongeza neno ambalo baadaye lilimkosesha raha: "Atakayenirudishia baba yenu ndani ya tela hili, nitampa ilimba."

Semeni akawa wa kwanza. Aling'oa redio na waya zilizotafunwa na panya, akafunga redio nyingine ya kaseti na flashi, amplifaya na spika mpya. Umeme haukutosha. Akaenda kwake, akashusha paneli ya sola kwenye paa lake, akabeba na betri yake, akawaacha mume na watoto na kibatari. Sauti ikatoka, tena ikatoka kwelikweli! Tela zima likatetemeka na vikombe vikacheza rafuni.

"Nguvu nimeiona, mwanangu," mama akasema, "lakini baba yako hakuwa mtu wa kelele."

Ndahani naye akachukua mbao za mninga alizokuwa amezitunza kwa ajili ya kitanda cha harusi yake. Alipima kila kona ya tela, akatengeneza maboksi ya spika yaliyoingia sawasawa chini ya kitanda, akayatandika ndani blanketi la mama ili yasipige mwangwi. Vikombe vikatulia. Sauti ikawa nzito na laini, ila sasa mikwaruzo ya kaseti ilisikika yote, bila kubaki hata mmoja.

"Nasikia chumba," mama akasema. "Mwenye chumba simsikii."

Ikafika zamu ya Mwaja. Kwaya yake ilikuwa inakwenda kwenye mashindano Mwanza, na yeye ndiye aliyekuwa aimbe peke yake mbele. Akawaambia waende bila yeye. Akajifungia na kaseti na kompyuta siku tisa, akaisafisha, akarudi na flashi mkononi na tabasamu usoni. Wakaiweka. Sauti ilikuwa safi kabisa.

Mama akakunja uso. "Huyu nani?"

"Ni baba huyo, mama!" Mwaja akashangaa.

"Baba yako ana mvumo. Wa huyu uko wapi?"

Wageni wa ilimba niwaeleze: kwenye ubao wake kuna vitundu, na vitundu hivyo huzibwa kwa utando wa buibui. Kila unapopiga, utando unavuma, na mvumo huo ndio uhai wa ilimba. Mzee Chilewa aliutafuta utando huo mwenyewe kwenye kuta za mazizi. Na Mwaja, Mgogo mzima, binti wa mpiga ilimba, alikuwa ameuhesabu mvumo kuwa uchafu, akaufuta pamoja na mikwaruzo! Ndahani alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaja hakucheka. Alirudi kwenye kompyuta siku nyingine tano, akautenga mvumo na mikwaruzo, kipande kwa kipande.

Safari hii wote wanne waliketi ndani ya tela, mlango wazi. Ilimba ikaanza, na mvumo wake. Wimbo wa kwanza ukaisha. Kabla ya wa pili, ikatoka sauti ambayo redio ya zamani haikuwahi kuitoa hata siku moja: "Mama Ndahani, funga mlango, vumbi linaingia."

Mama akainuka, akafunga mlango. Kisha akaketi, akalia, na watoto wakalia naye.

Asubuhi ilipofika, mapazia yalikuwa yameshatundikwa, na pikapu imefungwa mbele ya tela. Ikabaki ahadi ya ilimba.

"Bila umeme wangu," alisema Semeni, "hizo spika ni maboksi ya viatu."

"Na bila maboksi yangu," alisema Ndahani, "umeme wako ungevunja vikombe tu."

"Na bila mimi mngesikia mikwaruzo, tena vizuri sana," alisema Mwaja.

"Wewe si ndiye uliyemfuta baba?" Ndahani akamdakia.

"Na ndiye niliyemrudisha, kaka."

Walicheka, lakini hakuna aliyeondoa macho kwenye ilimba. Mama aliliona hilo, na moyo ukamuuma. Wote watatu aliwazaa yeye, na wote watatu walimtoa nyuma ya nyumba.

Sasa msiniambie waigawane. Ilimba ni ubao mmoja, ukiupasua unabaki na kuni. Wala msiniambie abaki nayo mama. Alitamka kwa kinywa chake, na wanawe wametimiza. Mama Ndahani ameketi kitandani, ilimba mapajani, na watoto watatu wamesimama mlangoni wakingoja. Wewe ungekuwa yeye, ungemnyooshea nani?